Bolti ya Tisa

"Mimi," mume wangu alisema.

Alilitamka neno hilo bila kusita, mikono ameifunga nyuma, kidevu juu kidogo. Mwenyekiti wa klabu alikuwa ameuliza ni nani aliyeifunga injini ile. Boneti ilikuwa wazi, wanaume kumi na mmoja wameinama kulizunguka gari kama watu wanaochungulia kisima, na mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yao nimeshika koti la mume wangu. Alinipa nilishike ili lisichafuke. Katika mfuko wa ndani wa koti hilo kulikuwa na fomu ya kuhamisha umiliki wa gari, imejazwa yote isipokuwa sahihi yangu.

"Peke yako?" Mwenyekiti akauliza.

"Peke yangu. Miaka minane."

Mmoja wao akapiga mluzi wa heshima. Mwingine akageuka, akanitazama, akatabasamu. "Shemeji, miaka minane mume anarudi kitandani ananuka oili! Wewe ndiye wa kupewa kombe."

Wakacheka. Nami nilicheka. Wachache niliowahi kuwasimulia mkasa huu hupenda kusikia kwamba moyo ulinipasuka pale pale. Haukupasuka. Nilichofanya ni kukagua lile jibu kama ninavyokagua kitu chochote kinachowekwa mezani kwangu: nikatenga lililo kweli na lisilo kweli. Miaka minane ilikuwa kweli. Rangi ya kijani kibichi iliyong'aa mbele yetu ilikuwa kazi ya mikono yake. Alisugua bati miezi miwili kabla ya kupaka tone la kwanza, na hadi leo sijaona rangi iliyokaa vizuri kuliko ile. Viti alishona yeye. Kioo cha mbele alikitafuta yeye, miji mitatu. Lakini hakuulizwa kuhusu rangi.

Mimi nakereza vyuma. Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye mashine ya kerezo, katika karakana ya watu kumi na wanne, mwanamke mimi peke yangu. Nachonga shafti, natoboa silinda, nakata nyuzi za bolti. Kazini waliniita Mama Kipimo, na walikuwa wakiambizana kwamba nyumbani kwangu chumvi hupimwa kwa maikromita. Sikuwakatalia. Kitu kikizidi sehemu moja ya mia ya milimita, kwangu kimezidi. Katika miaka yote hiyo hakuna kazi niliyoitoa mlangoni nikijua kipimo chake ni kibaya.

Gari lilifika karakana likiburutwa kwa mnyororo. La spoti, la viti viwili, limeundwa mwaka mmoja kabla sijazaliwa, injini imeganda kabisa. Mwenyewe aliahidi kurudi wiki ijayo, asionekane tena. Baada ya miaka miwili ya kupisha kuku na mvua, tajiri wa karakana akaamua likatwe liuzwe chuma chakavu. Nikamwambia asilikate, nalichukua mimi kwa bei hiyohiyo ya chakavu. Kadi ya gari ikaandikwa jina langu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesimama kwenye dirisha la ofisi ya usajili siku ile, na mume wangu alikuwa kikaoni.

Jioni alilizunguka mara moja, akalipiga teke gurudumu moja, na gurudumu likaanguka.

"Mke wangu," akasema, "umeninunulia jeneza, tena bovu."

Siku ya pili, hata hivyo, alirudi na msasa.

Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka minane, yeye nje ya gari na mimi ndani yake. Jumamosi na Jumapili, kwenye banda nyuma ya nyumba, redio ikiwa juu ya ndoo. Binti yetu alijifunzia kusoma maneno yaliyokuwa kwenye makopo ya rangi. Kama niliwahi kuwa na furaha ya kupimika, basi ilikuwa hapo, na sikuwa na sababu ya kudhani kwamba mwenzangu alikuwa akipima kingine.

Inabidi nieleze jambo moja la injini, nalo si gumu. Silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu, hubanwa kwa bolti kumi zinazoingia kwenye bloku, kiwiliwili cha injini. Bloku ya gari lile ni ya aluminiamu, chuma laini, na nyuzi zote kumi zilikuwa zimekwisha. Nikatoboa upya kila tundu, nikachonga bushi kumi, vijibomba vya chuma kigumu vyenye uzi ndani, nikazipachika. Nane ziliingia kina chote. Mbili za nyuma kabisa, ya tisa na ya kumi, hazikuweza: pale ukuta unaotenga tundu na njia ya maji ni mwembamba kama ganda. Nikazikata fupi. Bushi fupi haivumilii nguvu ya bushi ndefu. Kitabu cha gari kinasema kila bolti ikazwe kwa kilo saba. Nilijaribu kwenye kipande cha bloku nyingine, nikaona hizi mbili zisipite tano. Tano inatosha, injini ilifanya kazi miezi saba haijavuja tone. Niliandika kwenye daftari la injini, nikapiga mstari chini. Nilimwambia na mume wangu pia. Alikuwa juu ya ngazi anapaka rangi paa la banda. Alisema, "Eeh."

Mwaka wa saba wa kazi hiyo, kiwanda cha uchapaji kikafungwa. Mume wangu alikuwa meneja msaidizi pale, miaka kumi na tisa. Watu wa mtaani walimwita Meneja, na waliendelea kumwita hivyo baada ya cheo kuondoka, jambo ambalo lilimuumiza kuliko kama wangeacha. Kwa miezi kumi na minne alipiga shati pasi kila asubuhi, akalivaa, akakaa sebuleni. Alituma barua za maombi kwa idadi ninayoijua, maana mimi ndiye niliyekuwa nikizipeleka posta. Alijibiwa tatu. Sikumsikia akilalamika. Alianza tu kunywa chai amesimama, kama mgeni asiyetaka kuzoea nyumba.

Siku moja alisimama na gari kwenye taa za barabarani, na mtu wa gari la pembeni akashusha kioo. Alikuwa Mwenyekiti wa klabu ya wenye magari ya spoti. Wiki iliyofuata mume wangu akaalikwa Jumapili ya kwanza. Utaratibu wao ni Jumapili tatu: ya kwanza wakuone, ya pili wakuzoee, ya tatu wakukague. Alirudi kutoka ile ya kwanza akipiga mluzi. Nilikuwa jikoni, niliusikia kabla sijasikia geti.

"Unajua kilichonifurahisha?" aliniambia. "Kule hakuna anayeuliza unafanya kazi gani. Wanauliza unaendesha gari gani."

Jumapili ya pili alikaa meza moja na mkurugenzi wa maghala makubwa ya mizigo, wakaongea saa nzima. Alirudi akala chakula chake chote, ameketi.

Ijumaa kabla ya ile ya tatu, akaweka fomu mezani.

"Klabu inamtaka mwenye gari," akasema.

"Mwenye gari yupo."

"Mama watoto, usinifanyie hivyo."

"Katiba yao inakataza wanawake?"

"Haikatazi. Hawapo tu." Akaisogeza fomu kwa kidole kimoja. "Unataka nifike pale nikaguliwe na kadi ya mke wangu? Watanicheka mpaka magari yao yacheke. Ni karatasi tu hii. Gari litalala banda lilelile."

Binti yetu, aliyekuwa akijisomea mtihani upande wa pili wa meza, hakuinua kichwa. "Si mama aingie yeye," akasema, "halafu baba uwe unamshikia pochi."

Mume wangu alicheka, na kwa haki yake naandika kwamba alicheka kweli. Kisha akaacha.

Nikamwambia tutaona Jumapili. Lakini nilikuwa nimeshaamua kutia sahihi. Nililipima jambo kwa pande zote. Jina langu kwenye kadi halikuzungusha gurudumu lolote. Jina lake lingeweza kumpatia kiti kwenye meza ya mtu mwenye maghala. Hasara sikuiona, na nisichokiona kwa kipimo huwa sikihesabu. Nilibakiza sahihi kwa sababu ndogo, ya kitoto: nilitaka kwanza nimsikie akiwaambia wanaume wale injini hii ni ya nani.

Ndipo aliposema, "Mimi."

Klabu ile ilianzishwa na mafundi wa ndege waliostaafu, na desturi yao ya Jumapili ya tatu ilitoka huko. Waliiita kutamka. Mwenye gari husimama mbele ya injini yake na mkaguzi husimama na spana ya kipimo, ile inayolia ikifika nguvu iliyowekwa. Mwenye gari hutamka namba ya kila bolti ya silinda hedi, na mkaguzi huilegeza kidogo, kisha huikaza upya kwa namba iliyotamkwa, si kwa namba ya kitabu. Maana yake ni kwamba mtu analijua gari lake na yuko tayari kuliweka mikononi mwa neno lake mwenyewe. Mwingine yeyote haruhusiwi kufungua mdomo. Akidokezwa, gari linaondoka na halirudi.

Nakiri kwamba niliipenda desturi hiyo. Ni desturi ya watu wanaojua chuma.

Mkaguzi alikuwa mzee mwembamba, wa mwisho aliyebaki kati ya wale waanzilishi. Akafuta spana kwa kitambaa, akaiweka kwenye bolti ya katikati, maana hukazwa kuanzia katikati kwenda nje.

"Mwenye gari, tamka."

"Saba," mume wangu akasema.

Spana ikalia *tak*. Ya pili, saba. Ya tatu, saba. Alikuwa akizitamka kwa sauti ya meneja anayepitisha karatasi. Nikajua anatoa kitabuni. Nikajua pia kwamba nina bolti tano za kufikiri, halafu nne.

Nikisema, gari lingeondoka na yeye angeonekana mwongo mbele ya mkurugenzi wa maghala, aliyekuwa ameegemea gari lake jekundu na glasi ya maji mkononi. Nisiposema, kingekufa kitu nilichokichonga. Mambo mawili, yote yanajulikana, na muda wa kuyalinganisha. Hiyo ni kazi yangu ya kila siku. Ya saba, saba. Ya nane, saba. Mzee akahamia nyuma kabisa, akainama.

"Tamka."

Mume wangu akageuza kichwa. Si sana, kadiri ya mtu anayefukuza nzi. Macho yetu yakakutana juu ya bega la mtu. Sijui kama alikumbuka ile ngazi na rangi ya paa, au alihisi tu kwamba hapa pana kitu. Kilichokuwa usoni mwake kilikuwa swali, na jibu lilikuwa tarakimu moja tu. Ningeweza kumwonyesha kwa vidole vya mkono mmoja, chini ya koti.

Sikusogeza kidole.

"Saba," akasema.

Spana ilipanda, ikapanda, kisha ikazunguka bila uzito. Uzi uking'oka haufanyi kelele. Mkono wa anayekaza ndio unaoarifiwa. Niliuona mkono wa mzee ukiarifiwa.

"Umekwenda," akasema taratibu.

Mume wangu akacheka kicheko kifupi, akajifuta kipaji cha uso. "Aa, hiyo. Hiyo kazi ya nyuzi sikuifanya mimi, nilimpa fundi mmoja wa kerezo huko. Si mnawajua mafundi wetu."

"Tunawajua!" akajibu mmoja. "Ukiambiwa njoo kesho, muulize kesho ya mwaka gani."

Wakaangua kicheko, nacho kilikuwa kicheko cha kumpokea. Mwenyekiti akampiga begani, akasema gari lina roho, kosa la fundi mmoja mzembe haliwezi kumnyima mtu uanachama, litavutwa hadi gereji ya mkaguzi lifunguliwe, na yeye alete kadi yenye jina lake wiki hiyo. Ni mzee peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa amewasha tochi, anaangalia ndani ya tundu.

Mtu akanisogelea kwa upole. "Pole, shemeji. Leo mtarudi kwa teksi."

Nilikuwa bado nimeshika koti. Halikuwa na doa.

Nyumbani, saa tisa mchana, jua limejaa jikoni, alivuta kiti akakaa, akatoa fomu mfukoni, akainyoosha mezani kwa kiganja.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Ulisimama pale ukaniangalia, na ulijua."

"Ningesema, gari lingetolewa."

"Ungenionyesha! Nilikutazama, mama. Nilikutazama kabisa." Sauti yake ilikuwa imepungua, haikuwa ya hasira. "Ulitaka ning'oke mimi."

Nimelirudia neno hilo kwa miaka sita sasa na sijalipatia kipimo. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba nilinyamaza. Kama nilinyamaza kwa kumlinda au kwa kumwacha aanguke, mkono ulikuwa uleule na kimya kilikuwa kilekile. Ila najua kwamba siku ile, kwa mara ya kwanza, niliruhusu kipimo kibaya kipite mbele yangu, na sikuweza tena kumlaumu kwa uongo wake kwa mdomo safi.

"Umesema umeifunga wewe," nikamwambia. "Ilipoharibika ukasema ni fundi."

"Ningesema nini mbele ya watu wale?"

"Tano."

Akageuza kalamu, akaielekeza upande wangu. "Wamenikubali. Yule mkurugenzi amesema nimpigie Jumanne. Nakuomba."

Alikuwa hajawahi kuniomba kitu tangu kiwanda kifungwe. Nikachukua kalamu.

"Nitatia sahihi kwa sharti moja. Gari chukua. Injini ibaki hapa."

Nilitaka akatae. Hilo nalijua bila shaka yoyote. Nilidhani ataniuliza gari lile bila injini ile ni gari gani, na angeuliza hivyo, ningetia sahihi papo hapo na kumwachia vyote, na Jumatatu ningeanza kuchonga bushi mbili mpya. Nilikuwa nimeshachagua hata chuma cha kuzichongea.

"Sawa," akasema. Ilimchukua sekunde mbili, labda tatu. "Mwenyekiti anayo nyingine, ya aina hiyohiyo, imekaa tu. Ameshaniambia."

Nikatia sahihi. Ni sahihi ileile ninayoiweka kwenye michoro ya karakana. Haikutetemeka, nimeitazama baadaye kwenye nakala.

Injini ililetwa Alhamisi nyuma ya pikapu, imefungwa turubai. Ikashushwa bandani, mahali gari lilipokuwa likilala, maana gari sasa lilihamia maegesho ya klabu. Jumanne ile mume wangu alipiga simu. Baada ya mwezi mmoja alikuwa msimamizi wa ghala namba mbili, na leo anasimamia yote manne. Binti yetu yuko chuo. Tumebadilisha paa. Uamuzi ukipimwa kwa matokeo, ulikuwa sahihi, na kila mara ninapofika kwenye hitimisho hilo huanza hesabu upya, nikitafuta nilipokosea.

Hatukuachana. Tunaongea vizuri. Jumapili anatoka saa mbili asubuhi na mimi naenda bandani au siendi.

Mwaka wa pili wa uanachama wake, klabu ikaandaa chakula cha mchana cha mwaka. Kadi iliandikwa "Mwanachama na Mwenza." Nilikwenda, kwa sababu kutokwenda kungehitaji maelezo. Wenza tulipangwa kila mmoja mbali na mtu wake, ili tujuane, na kushoto kwangu aliketi yule mzee mkaguzi, sasa amestaafu na ukaguzi pia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Wewe ni wa gari gani?"

"Lile la kijani."

"Aa." Akaweka kisu chini. "Lililong'oka uzi siku ya kutamka. Silisahau. Tulipofungua hedi nilizitazama zile bushi kwa kioo cha kukuzia. Nimefanya kazi kwenye ndege miaka thelathini na moja, mama, sijaona bushi zimekaa namna ile. Na zile mbili za nyuma hazikuwa kosa. Yule fundi aliona ukuta ni mwembamba, akakata fupi kwa kujua. Aliyekosea ni aliyetamka." Akainama kidogo, akashusha sauti. "Usimwambie mumeo nimesema."

"Simwambii."

"Nilimuuliza jina la fundi huyo. Nina vijana nataka wafundishwe, nilikuwa tayari nimtume mtu amtafute popote alipo. Akaniambia nimechelewa. Kwamba ameshafariki."

Upande wa pili wa ukumbi mume wangu alikuwa akisimulia kitu, mkono uko begani kwa mkurugenzi, na meza nzima imemgeukia.

Mzee alikuwa akinitazama usoni. Sijui aliona nini. "Pole," akasema. "Mlikuwa mnafahamiana naye?"

"Kidogo," nikamjibu, nikamsogezea siagi.